Nta Kwenye Mandolini ya Babu

Mwanangu Tabitha,

Umetoka hapa sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako, na kabla hujaufikia mlango wa uani umegeuka ukaniambia, "Baba, naiacha hapa mezani. Usiiguse." Nimekuitikia. Mama yako yuko stesheni na madumu yake ya asali ya kuuza, nyumba imetulia, na mimi nimebaki na mandolini mbele yangu, sanduku lake likiwa wazi. Nimeona nikuandikie. Utasoma ndani ya treni kesho, kama kesho itakuja, maana treni yetu tunaijua.

Sitakuandikia habari za kula kwa wakati, wala za kuchagua marafiki, wala za lile sweta. Mama yako ameyasema hayo tangu Jumapili na nadhani hata jirani ameyakariri. Mimi nataka kukuandikia habari ya nta. Najua unaijua, lakini unaijua kwa upande wako. Upande wangu hukuusikia, kwa sababu siku zile ulikuwa hunisemeshi, na sikulaumu.

Nianzie kwa babu yako. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, wa kukaza njia na kubadilisha mataruma, mikono yake migumu kama hayo mataruma yenyewe. Mandolini hii aliachiwa na karani mmoja wa stesheni aliyehamishwa, mizigo ikamzidi. Hakufundishwa na mtu. Treni ikichelewa alikaa kwenye benchi la abiria akawa anatafuta sauti, uzi mmoja mmoja, na watu waliokuwa wamenuna tangu asubuhi wakaanza kutikisa miguu bila kujijua. Uzi ukikatika alichukua waya wa breki ya baiskeli, akauchambua, akafunga uzi mmoja wake. Ndiyo maana shingo ilikuwa imepinda kidogo, kwa sababu waya ule unavuta kuliko inavyotakiwa. Wewe ndiye uliyenieleza hivyo. Mimi, seremala mzima, miaka yote nilidhani mandolini zote zimepinda hivyo.

Alipofariki niliitundika nyuma ya mlango wa stoo ya alizeti, nikaiacha. Kiangazi kimoja kikapita, kikaja kingine. Mgongo ukapasuka, nyuzi zikaliwa na kutu, na kile kijiti kinachobeba nyuzi pale tumboni kikaanguka, nadhani kuku wa mama yako ndio waliondoka nacho. Nilikuwa nikiingia kuchukua gunia naiona, nasema moyoni nitaishughulikia nikimaliza mizinga ya nyuki ya mtu fulani. Na wewe unajua mizinga ya watu haiishi.

Halafu kwaya yenu ikaenda Dodoma kurekodi, gitaa la mwenzenu likavunjika pale penye vikazio vya nyuzi, mkalipeleka kwa yule mzee anayetengeneza magitaa. Ulirudi nyumbani macho yanawaka. Ulituambia wakati wa kula kwamba umekaa kwenye kibanda chake siku nzima ukimwangalia, na umemwomba akufundishe kazi. Akasema hataki vyeti. Anataka umpelekee chombo kimoja kilichokufa, ulichokifufua mwenyewe kwa mikono yako. Na nafasi anayo moja tu, kwa hiyo akitokea mwingine na chombo chake kabla yako, basi. Nakumbuka mama yako alivyoacha kutafuna. Mimi nikasema ipo mandolini ya babu. Nikajisikia mkubwa sana usiku ule.

Sasa nitakwambia mahali nilipokosea. Katika maneno yote ya yule mzee, nilisikia "chombo kilichokufa". Lile la "mwenyewe" lilinipita kabisa.

Ukaanza kazi vizuri. Uliunga ule ufa wa mgongoni kwa gundi, ukaufunga kwa mipira ya tairi ya ndani mpaka mandolini ikafanana na mtu aliyevunjika mbavu. Ukanyoosha vile vyuma vidogo vya shingoni. Kijiti kipya ukakichonga kwa kipande cha mninga ulichookota kwenye takataka zangu, nami nikajifanya sioni ukikiharibu na kukirudia. Kisha ukaagiza nyuzi, na wakati unazisubiri ukaenda kwa mjomba wako Kinampanda kusaidia kuvuna alizeti. Ulinyoosha kidole, Tabitha, kama leo. Ulisema nisiiguse. Nikaitikia, kama leo.

Unajua jinsi ninavyomaliza mzinga. Mbao zikishaungwa nayeyusha nta kwenye lile sufuria jeusi, namimina ndani, naugeuzageuza mzinga mpaka nta inakaa kila kona, kilichobaki narudisha. Mbao inakunywa, haipasuki tena, na nyuki wakisikia harufu wanakuja. Nimefanya hivyo tangu kabla hujazaliwa. Jioni moja nimemaliza mizinga ya wale akina mama wa kikundi, nta imebaki chini ya sufuria, bado ya moto. Nikageuka, nikaona mandolini juu ya rafu. Sanduku dogo la mbao, kavu, lenye tundu. Mikono yangu haikuniuliza. Nilimimina nta kwenye lile tundu, nikaigeuzageuza, iliyobaki nikairudisha sufuriani. Kisha nikaitundika chini ya upenu wa karakana ipate hewa. Niliridhika. Nilijiambia, mtoto atarudi akute baba amemwongezea miaka hamsini ya maisha kwenye chombo chake.

Baada ya siku kadhaa nikaona nyuki wadogo, hawa wasiouma, ambao asali yao watu wanaitafuta kwa ajili ya kikohozi. Wawili watatu, wanaingia kwenye tundu na kutoka. Na mimi, mwanangu, nilifurahi. Hili ndilo sijawahi kukwambia. Kwa mtu wa kazi yangu nyuki akiingia ndani ya ulichotengeneza umefaulu. Nilisimama pale mikono kiunoni, natabasamu kama bwege, dakika nzima pengine, kabla akili haijanikumbusha kwamba ile si mzinga.

Hapo ningewafukuza. Wangeondoka, walikuwa wachache. Lakini nilikuwa na safari ya kwenda kutundika mizinga msituni, nikasema nikirudi. Nikakaa huko kuliko nilivyopanga. Niliporudi nilikuta wameshajenga ule mrija wao wa nta mdomoni mwa tundu, mwembamba, umechomoza kama pua. Walikuwa wamehamia. Na kesho yake ukashuka wewe kwenye lori la alizeti, na nyuzi mpya mkononi, ulizokuwa umezipitia kwa wakala wa mizigo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, hukupiga. Uliniamkia, "Shikamoo, Baba," ukatua begi, ukaenda moja kwa moja hadi kwenye upenu. Uliiangalia muda mrefu. Ukanusa. Kisha ukasema polepole, "Baba, umenitengenezea mzinga."

Nikaanza kujieleza, habari za mbao kukauka, za nta kulinda. Ukanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, na adabu ile iliniumiza kuliko ungenifokea. Halafu ukauliza, "Yule mzee akiniuliza nani kapaka nta, nitamjibu nini?"

Ndipo nikaelewa kwamba sikuharibu mbao tu. Nilikuwa nimeingiza mkono wangu kwenye kitu ambacho thamani yake yote ilikuwa ni kwamba hakuna mkono mwingine ndani yake. Nikasema basi nitaifungua mimi, nitaisafisha, nitaifunga, atajua nani. Ukanitazama. "Nyuki ni wako," ukasema. "Mandolini ni yangu."

Baada ya hapo hatukuongea zaidi ya shikamoo na marahaba.

Nyuki wangu niliwahamisha jioni, walipokwisha kurudi wote. Uliufungua mgongo wewe, kwa kisu cha jikoni ulichokipasha moto, ukikipitisha taratibu pembeni mwa ubao, nami nimeshika taa na mdomo nimeufunga. Ndani walikuwa wameshaweka vile vijungu vyao vya asali, vidogo kama punje za choroko. Niliwatoa na mayai yao nikawaweka kwenye kipande cha gogo. Wako pale nyuma ya choo hadi leo na wanaendelea vizuri, nikuambie tu kwa kuwa hukuwahi kuuliza. Kazi yangu ikaishia hapo.

Yako ndiyo ikawa mbaya. Ulisafisha ukadhani umemaliza, ukapaka gundi, ukafunga mipira, ukangoja. Ulipofungua mipira, mgongo ukaachia wenyewe ukabaki mkononi mwako. Mbao imekunywa nta, gundi haishiki kwenye nta. Ukarudia. Ukaachia tena. Siku ile niliona umekaa chini ya ukuta, magoti kifuani, na simu mkononi hujaiwasha. Mama yako alikuletea uji ukapoa. Niliogopa, Tabitha. Nakwambia wazi, sijaogopa hivyo tangu ulipougua homa ya uti wa mgongo ukiwa mdogo. Nilihesabu kwamba kuna kijana mwingine mahali fulani amekaa na gitaa lake, baba yake akiwa na akili kuliko mimi, na anakaribia kumaliza.

Kesho yake ukaanza kukwangua. Ulivunja kioo cha dirisha la zamani, ukachukua kipande chenye makali, ukawa unakwangua mbao kidogokidogo, unapitisha kitambaa chenye petroli, unaacha ikauke, unakwangua tena. Na mimi nikakaa uani kwenye kigoda changu, mgongo nimekupa, nasikia.

Hujui ilivyokuwa vigumu. Sikio langu linajua sauti ya kioo kikienda kinyume cha mbao. Kila ulipokosea, goti langu lilikuwa linanyanyuka lenyewe. Nilianza kwenda stesheni kumbebea mama yako asali, kazi ambayo sijaifanya tangu tuoane, na wenzake wakamuuliza kama nimefukuzwa nyumbani. Akawajibu kwamba ndiyo, nimefukuzwa na mandolini. Walinicheka mpaka treni ikaja.

Hicho kigoda nilichokuwa nimekalia, nacho kina habari yake, na hii sijamwambia mtu. Nikiwa na umri kama wako nilipelekwa kwa seremala mmoja Manyoni. Kitu cha kwanza alichonipa kutengeneza ni kigoda, nikakileta nyumbani mwisho wa wiki ili nikimalizie. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, kikawa kinayumba. Nilihangaika nacho mchana wote, nikaenda kuchota maji kupumzisha kichwa. Niliporudi hakiyumbi. Baba alikuwa amepunguza miguu ile mingine. Alikuwa amekaa pembeni anapiga mandolini yake kama hakuna kilichotokea. Hakusema, nami sikuuliza. Seremala alikisifia sana, akawaonyesha wengine.

Kigoda kile nimekikalia miaka yote hii na hakijawahi kuyumba. Lakini sijui mpaka leo kama ningekiweza. Simlaumu Baba. Alinipenda, na mikono yake ilikuwa imezoea kunyoosha vitu vilivyopinda, ndiyo kazi waliyomlipa. Ila nilitoka pale nikiwa mtu anayetazama kila kazi ya mwenzake akitafuta mguu mfupi. Vijana waliokuja kujifunza kwangu unawakumbuka. Nilikuwa nawanyang'anya randa mikononi nikisema lete nikuonyeshe, na hawakurudishiwa. Waliondoka wakijua kufagia. Nilisema vijana wa siku hizi hawana subira, na kumbe asiye na subira alikuwa ni mwenye karakana.

Basi nikakaa. Nilikalia kigoda kile alichokisawazisha Baba, nikiacha ukosee. Siku nyingine ulikwangua mpaka ubao ukawa mwembamba mno upande mmoja, nikajua, na nikanyamaza, na baadaye ukajua mwenyewe ukabandika kipande kwa ndani. Ukapaka gundi mara ya tatu. Ulifunga mipira, ukaiweka kitandani kwako, wewe ukalala chini kwenye mkeka. Asubuhi ulipofungua mipira sikuwapo. Nilikuwa nimejificha nyuma ya choo kwa nyuki wangu, nasikilizia. Sikusikia kitu, nikajua imeshika, maana ingeachia ningesikia.

Nyuzi nane ulizifunga mbele yetu. Mama yako aliacha kuchambua mchele. Ulikaza wa kwanza ukalia vibaya, ukakaza mwenzake ukalia vibaya zaidi, ukawa unazilinganisha mbili mbili, sikio umelitega, na mimi najua kabisa nilikuwa sipumui. Kisha ukapiga zote pamoja. Kulikuwa na mkwaruzo kidogo kwenye uzi mnene. Ukasogeza kijiti chako cha mninga upana wa ukucha, ukapiga tena.

Mwanangu, sikuwa nimeisikia sauti ile tangu Baba aondoke. Mama yako alisema mbona inalia vizuri kuliko enzi za babu yako, na ni kweli, kwa sababu enzi zake ilikuwa na waya wa baiskeli. Nililia na sikujificha. Nilijisikia kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani baada ya njia ndefu, shingo inakuwa nyepesi mpaka inashangaa.

Lakini bado kulikuwa na yule mzee. Ulimtumia sauti na picha kwa simu, naye akapiga. Uliweka spika, nafikiri kwa makusudi nisikie. Aliuliza nani alifungua mgongo, ukasema ni wewe. Akauliza kwa nini, na wewe ungeweza kusema ufa, ungeweza kusema chochote, asingejua. Ukamwambia yote. Nta, nyuki, gundi kukataa, baba. Nilikuwa pale mlangoni na ndoo mkononi. Akakohoa. Nikasema moyoni, basi, nimemmaliza mtoto wangu.

Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu mzima mwenye kikohozi. "Njoo nayo," akasema. "Ila huyo baba yako mwache hukohuko."

Mama yako alicheka akakaa chini. Nawe ukanitazama, ukacheka, mara ya kwanza tangu Kinampanda. Ndoo ilinitoka mkononi, maji yakamwagika sebuleni, na hakuna aliyejali. Nimelala vizuri tangu siku hiyo. Watu wananiuliza kama sina huzuni mtoto anaondoka, nawaambia huzuni ninayo, itanipata vizuri wiki ijayo nikikuta rafu iko tupu. Kwa sasa nimepumua tu. Ningekuwa leo naandika barua ya kukuomba radhi kwamba umebaki nyumbani kwa ajili yangu. Badala yake nakuandikia uisome ukiwa njiani.

Huko Dodoma sijui yule mzee ni mtu wa namna gani. Huenda naye ni wa kunyang'anya randa. Akikunyang'anya usimchukie, mtazame anavyofanya, halafu ukipata nafasi ifungue kazi ile urudie mwenyewe hata kama ni sawa. Sina zaidi ya hilo. Na ukikwama, piga simu nyumbani. Nitasikiliza, na nitajitahidi kungoja uniulize. Nikishindwa kungoja, mpe simu mama yako.

Sasa nikwambie kwa nini barua imekuwa ndefu hivi. Tangu nilipoketi hapa naona kitu. Pale kwenye ukingo wa tundu, kwa chini, upande wa kushoto, kuna nta imebaki. Kidogo sana, kama ukucha wa mtoto. Hukuiona, au umeiona ukaiacha, sijui. Inatoka kwa kidole tu, hata kisu hakihitajiki. Nimeiangalia nikiandika habari za babu, nimeiangalia nikiandika habari za kigoda, na kila nikimaliza ukurasa mkono unataka kwenda, naurudisha kwenye kalamu. Karatasi zimekwisha, nimegeuza upande wa pili.

Nasikia ndala zako uani, na unamsalimia jirani. Nafunga barua. Nta iko palepale.

Mimi baba yako,
fundi mizinga